Mlishe Kobe Kutoka kwenye Mzigo wa Ng'ombe

Chakula bora cha kobe hapa Tarakea hakinunuliwi dukani wala hakichemshwi. Kinapita barabarani kila siku, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, kichwani kwa mama anayempelekea ng'ombe wake aliyefungiwa zizini. Ndani ya mzigo ule mna nyasi za kingoni mwa shamba, magugu yaliyong'olewa kwenye mahindi, vikonyo vya matembele na maua mawili matatu yaliyokatwa bila kukusudia. Kabla majani hayo hayajatupwa horini, chota konzi mbili umpelekee kobe. Ukifanya hivyo kila siku, na ukajizuia kumletea vya jikoni, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Kujizuia ndiko kunakowashinda wengi. Kobe anapendwa, na anayependwa kwetu hulishwa vizuri: kipande cha ndizi mbivu, nyanya, ugali uliobaki, mkate uliochovywa kwenye maziwa. Anakula vyote, tena kwa pupa, na watoto wanafurahi. Halafu baada ya mwaka mmoja au miwili gamba linalegea, miguu inashindwa kuinua mwili, na mwenye nyumba anasema kobe ameugua ghafla. Hakuugua ghafla. Alikuwa akiugua kila siku alipokuwa akifurahiwa.

Kobe ninayemzungumzia ni yule mkubwa mwenye gamba la manjano na madoa meusi, mkazi wa pori la chini, ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis. Gamba lake linaweza kufikia sentimita 40 na kuzidi, na akitunzwa vema huishi miaka 50 au zaidi. Kwa hiyo unapoamua leo utamlisha nini, unawaamulia pia watoto wako watakaomrithi.

Kabla ya majani, sheria. Tanzania, mnyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimpi mtu ruhusa ya kumwokota kobe porini na kumfanya wake kwa sababu tu amemkuta. Kufuga kunahitaji kibali. Kwa mtu wa Rombo, pa kuanzia ni ofisi ya maliasili ya wilaya, Mkuu. Hapo utaelekezwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Kobe huyu yumo pia kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kumvusha mpaka kwenda Illasit, upande wa Kenya, bila karatasi, hata kama unampelekea shemeji zawadi, ni kosa. Yule kobe mdogo bapa anayejibana kwenye nyufa za mawe alipandishwa hadi Kiambatisho cha Kwanza mwaka 2019, kwa kuwa biashara ilikuwa inammaliza porini. Huyo usimguse kabisa. Na ukikuta kobe anavuka barabara, mvushe upande ule ule anakoelekea, umwache aende zake. Zanzibar wanaujua uchungu wa jambo hili. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, waliotoka Shelisheli mwaka 1919, waliongezeka kwa miaka mingi, kisha wizi ukawapukutisha mpaka mwaka 1996 wakabaki saba tu. Baadhi yao waliibwa kwa sababu kuna waliotaka kuwafuga.

Mwongozo huu basi ni wa mtu ambaye kobe yuko kwake kihalali: amerithi pamoja na kibali, au amekabidhiwa amtunze.

Tumbo linavyofanya kazi

Kobe hana tumbo la kucheua kama la ng'ombe. Kazi yake kubwa inafanyika nyuma, kwenye utumbo mpana, ambako vijidudu visivyohesabika huchachusha nyuzinyuzi za majani polepole na kuzigeuza kuwa nguvu ya mwili. Polepole maana yake siku nyingi. Jani alilokula Jumatatu linaweza kutoka wiki inayofuata. Vijidudu hivyo vimezoea nyasi ngumu zenye sukari kidogo. Ukivimwagia ndizi mbivu, embe, pumba za mahindi au ugali, sukari na wanga vinachacha haraka, tumbo linajaa asidi na gesi, na vijidudu vizuri vinakufa. Kobe anaharisha, au anakaa kimya akiwa amevimba na wewe hujui kwa nini. Machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ni mabaya zaidi ya vyote hivyo. Nguruwe ana tumbo la kuyahimili, kobe hana.

Upande wa pili ni protini. Chakula cha kuku, mashudu ya alizeti, dagaa, chakula cha mbwa: hivi humfanya kobe mchanga akue mbio kuliko mifupa yake inavyoweza kujijenga, na humchosha figo. Kobe anayekua taratibu ndiye anayekua vizuri. Jirani akikwambia wa kwake amekuwa mkubwa mara mbili ya wako kwa umri ule ule, usione wivu.

Kwa hiyo kipimo chenyewe ni hiki. Katika chakula cha kobe mzima, kama robo tatu iwe nyasi, mbichi na kavu. Sehemu inayobaki iwe magugu ya majani mapana, majani ya miti, maua, na mimea yenye maji kama dungusi kakati. Matunda yahesabu kama hayapo. Kwa wingi, fungu la siku, likiwa limelegea bila kushindiliwa, liwe na ukubwa unaokaribia wa gamba lake. Akiwa na uwanja wa ukoka wa kuchunga mwenyewe, punguza.

Cha kuchuma

Ukoka ndio msingi. Uko kila mahali, unavumilia kukanyagwa, na kobe anaweza kuula mwaka mzima bila madhara. Matete na majani ya Gwatemala yanayopandwa kingoni mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, yanafaa yakiwa machanga. Yakishakomaa yana makali ambayo ng'ombe anayaweza lakini kobe huyaacha. Majani ya mahindi mpe mara moja moja, na ya mgomba vilevile, yachanwe kwa urefu.

Kisha magugu. Hapa ndipo ninapoomba uvumilie, kwa sababu watu wengi wakisikia "mlo mchanganyiko" hufikiria gunia la mboga kutoka sokoni. Mchanganyiko wa kobe uko shambani kwako, kwenye rundo ulilolipalilia asubuhi. Mchunga, ule wenye utomvu mweupe na uchungu, ni chakula kizuri mno: una nyuzi na madini, na kobe wengi huanza nao kabla ya kitu kingine. Kishona nguo nacho kinafaa, ila kichume kabla hakijatoa mbegu zake za miba, maana zikishakauka hung'ang'ania mdomoni na machoni. Lile gugu linalotambaa lenye maua madogo ya bluu, ambalo sungura wanalipenda, nalo mpe. Matembele ni mazuri, na majani ya maboga pamoja na maua yake ya manjano pia. Kama una ua wa haibiskasi, chuma maua yaliyofunguka leo na majani machanga ya nchani; kobe huyafuata maua mekundu kutoka mbali, na utaliona jambo hilo siku ya kwanza tu utakapoyatandaza chini.

Mforosadi ni mti ambao ningependa kila anayefuga kobe aupande. Unaota kwa kukatwa kijiti na kuchomekwa ardhini wakati wa masika, hauhitaji kubembelezwa, na majani yake yana kalsiamu nyingi. Ukishakuwa mkubwa utakupa majani mabichi hata Januari na Februari, ukoka ukiwa umegeuka rangi ya vumbi.

Na dungusi kakati, ile inayoota tambarare, ina sifa mbili kwa pamoja: maji na kalsiamu. Porini kobe huila mpaka midomo inabadilika rangi kwa matunda yake. Ishike kwa koleo, ikate kipande kimoja kwa panga, ipitishe juu ya moto wa kuni pande zote mbili mpaka miba na vinyweleo vyake vidogo vimeungua kabisa. Hivyo vidogo usivyoviona vizuri ndivyo vinavyosumbua, kwa hiyo baada ya moto paka maji na ufute kwa gunia kuukuu. Ipoe, ikate vipande vinene kama kidole. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Ikizidi, choo kinalegea. Mabaki usiyatupe ovyo shambani, kwa maana kila kipande kinaota, na mmea huu ni mgeni unaovamia malisho.

Mtazame kobe akila, utajifunza mengi kuliko ninavyoweza kuandika. Ananyoosha shingo, anainamisha kichwa upande mmoja, anafumbua mdomo polepole mpaka unauona ulimi mnene wa rangi ya waridi, kisha anabana jani. Hana meno, ana mdomo mgumu wenye ncha kama wa kasuku. Jani likigoma, anakanyaga shina lake kwa mguu wa mbele wenye magamba na kurudisha kichwa nyuma kwa nguvu zake zote mpaka likatike. Kuvuta huko ndiko kunakonoa mdomo wake. Kwa hiyo kobe mzima usimkatekatie majani kama unayempikia mchuzi; mpe shina zima avute. Anayelishwa vilaini tu mdomo humrefuka na kupinda, mpaka siku moja anashindwa kuufunga.

Mdomo huo ni kioo cha lishe yake. Katika kisiwa cha Saint Helena, kwenye makao ya gavana, anaishi kobe aitwaye Jonathan, anayekadiriwa kuanguliwa mwaka 1832 hivi. Uzeeni alipofuka na kupoteza uwezo wa kunusa, akawa anaokota udongo na majani yaliyokufa akidhani ni nyasi, na mdomo wake ukaanza kumomonyoka. Daktari wa mifugo Joe Hollins akaanzisha utaratibu wa kumlisha kwa mkono mara moja kwa wiki mboga na matunda ya aina mbalimbali. Mdomo ukarudi kuwa mgumu na mkali. Jonathan ni wa jamii nyingine, ile ya visiwani, na ni mzee wa karibu karne mbili, kwa hiyo matunda yake usimwige. Cha kuchukua kwake ni kwamba upungufu wa madini na vitamini huonekana mdomoni mapema, na mlo wenye aina nyingi hurekebisha.

Aina nyingi maana yake nini kwa siku ya kawaida? Usihesabu sana. Chukua nyasi za namna mbili, magugu matatu, jani la mti mmoja, na ua kama lipo. Kesho badilisha magugu. Kosa la watu wengi ni kumzoesha kitu kimoja anachokipenda. Kobe ni mkaidi, na akishazoeshwa saladi atakaa siku tatu bila kula akiisubiri. Akigoma hivyo na ni mzima, mwache agome. Changanya kidogo kile anachokitaka katikati ya nyasi, punguza kila siku, atarudi.

Mboga za jikoni, kwa kiasi

Mchicha na spinachi zina asidi inayoitwa oksaliki, ambayo hukamata kalsiamu tumboni isiingie mwilini. Konzi moja ya mchicha katikati ya mzigo wa nyasi haina neno. Mchicha mtupu kila siku ni njia ya hakika ya kumlegeza mifupa. Sukuma wiki, kabichi na figiri vina kasoro nyingine: vikiliwa mfululizo huzuia tezi ya shingo kutumia madini ya joto. Mara moja kwa wiki vinafaa, na sukuma wiki ina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo kati ya hizo tatu mimi ningeichagua hiyo. Majani ya maharage na kunde yana protini nyingi; kidogo tu. Karoti, boga na tango ni vya kubadilisha ladha, si mlo.

Vinavyoua

Kihamba ni chakula, na kihamba hicho hicho kina sumu. Anza na parachichi. Miti imejaa kila boma, matunda yanaanguka, majani yanapeperuka hadi uwanjani, na majani hayo yana kemikali inayodhuru moyo wa wanyama wengi. Usimweke kobe chini ya mparachichi. Tunda lenyewe nalo lina mafuta ambayo hayahitaji. Masale, tunayoyaheshimu kwa mipaka na kwa kuombana msamaha, yana saponini zinazoumiza tumbo la mnyama akiyala. Yazungushie fito kama yako ndani ya uwanja wake. Majani ya magimbi yakiwa mabichi yana fuwele kama sindano zinazochoma ulimi na koo. Kahawa ina kafeini hata majanini.

Huko juu, kwenye mashamba ya viazi mviringo yanayopakana na msitu wa miti ya kupandwa, kuna watu wanaochuma majani ya viazi kumpa kila mnyama. Kobe asipewe. Majani ya viazi mviringo, ya nyanya na ya biringanya ni ya ukoo mmoja na yana sumu zinazofanana. Mnafu ni wa ukoo huo pia. Sisi tunauchemsha ndipo tunaula. Yeye anaula mbichi, na vitunda vyake vya kijani ndivyo vibaya zaidi. Kisamvu kibichi kina sianidi. Mnanaha, mbarika, lantana, mnyaa na utupa ving'oe kabisa mahali kobe anapofika. Usitegemee kwamba atavijua. Kobe wa porini amezaliwa penye majani mia na anaacha na kuchagua. Wa kwako amefungiwa penye majani kumi, na njaa itamfanya ajaribu.

Sumu nyingine haioti, inapuliziwa. Kahawa hupigwa mrututu na dawa nyingine za shaba kwa ajili ya kutu ya majani na ugonjwa wa chulebuni, na nyasi zilizo chini yake hupata mgawo wao. Tangu viwavijeshi vamizi viingie nchini mwaka 2017, mahindi nayo hupigwa dawa zaidi ya zamani, na siku hizi kuna wanaoua magugu kwa dawa badala ya jembe. Majani ya shamba la mtu mwingine yaulizie kwanza. "Shikamoo mama, hapa mmepiga dawa lini?" "Marahaba mwanangu, hiyo kingo haijapigwa tangu masika." Hapo unachuma kwa amani. Usipopata wa kumuuliza, usichume. Majani ya kando ya lami ya Himo pia yaache, kwa sababu ya moshi na mafuta ya magari.

Kalsiamu, jua na baridi ya Tarakea

Kobe porini hutafuna mifupa iliyokauka, na hata kinyesi cheupe cha fisi, kwa sababu weupe wake ni mifupa iliyosagika. Hajapotea akili, anajenga gamba. Wa nyumbani hana fisi, kwa hiyo mtafutie mbadala. Chukua maganda ya mayai, yakaushe juu ya jiko, yasage mpaka yawe unga laini, unyunyize mara mbili kwa wiki juu ya majani yaliyoloweshwa kidogo ili unga ushike. Mwenye ndugu Tanga au Dar aombe mfupa wa ngisi. Uweke uwanjani, kobe ataung'ata akihitaji. Chokaa ya mifugo inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo inafaa pia, mradi isiwe imechanganywa na fosforasi kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Katika chakula cha kobe, kalsiamu iwe angalau mara mbili ya fosforasi, na pumba pamoja na nafaka zimekaa kinyume na hesabu hiyo.

Kalsiamu bila jua ni bure. Mwili wa kobe hutengeneza vitamini D kwa miale ya jua inayogusa ngozi, na miale hiyo haipiti kwenye kioo cha dirisha. Tena bila joto tumbo halifanyi kazi: mwili wake unahitaji kufika nyuzi 28 hadi 32 hivi ndipo majani yachachushwe vizuri. Na hapa Tarakea, juu ya mita 1,500, hili ndilo gumu kuliko chakula. Nasema wazi: kobe wa tambarare hana starehe huku juu. Kama kibali chako kinakuruhusu kumweka kwenye shamba la chini, akae huko, na majani umpelekee au ayachunge mwenyewe.

Kama lazima akae Tarakea, fuata jua. Mlishe asubuhi ukungu ukishainuka, kati ya saa tatu na saa nne, ili apate mchana mzima wa kuota jua na kusaga. Usimlishe jioni, chakula kilicholala tumboni usiku wa baridi huoza badala ya kuchacha. Juni hadi Agosti, kukiwa na siku mfululizo za ukungu, atapunguza kula mwenyewe. Usimlazimishe na usimshawishi kwa vitamu. Mpe nyasi kavu zaidi na majani machache mabichi yasiyo na umande. Kobe huyu hana kawaida ya kulala miezi kama wale wa Ulaya, kwa hiyo akijikunja wiki nzima bila kula wala kutoka, ana baridi iliyozidi au anaumwa. Usiku awe kwenye kibanda kikavu chenye sakafu iliyoinuka na nyasi kavu za kujifukia. Maranda na vumbi la mbao kutoka kwa wapasuaji wa misonobari usitandike: yana utomvu wenye harufu kali, na atayameza pamoja na chakula.

Nyasi kavu ziandaliwe mapema. Mwishoni mwa masika, ukoka ukiwa umefika magotini na haujatoa mbegu, kata, anika juani siku mbili huku ukigeuza, kisha hifadhi darini. Zikiwa zimekauka vizuri zinanukia utamu na bado zina ukijani. Zikinuka uvundo au zikiwa na ukungu mweupe, peleka kwenye mbolea. Nyasi hizo zina kazi hata wakati wa mvua: majani ya Aprili yamejaa maji na protini, na konzi ya nyasi kavu iliyochanganywa humo hurudisha choo katika hali yake.

Maji yawe kwenye sinia pana lisilo na kina, ambalo anaweza kuingia na kutoka. Kobe hunywa kwa kuzamisha uso mzima. Huhifadhi maji kibofuni, na akiinuliwa kwa fujo huyamwaga yote kwa woga, hasara kubwa wakati wa kiangazi. Watoto waelezwe hivyo.

Kobe mchanga

Kifaranga cha kobe hali nyasi ngumu. Mdomo wake haujapata nguvu. Mpe kila siku magugu laini yaliyokatwa: mchunga, matembele machanga, maua ya haibiskasi na ya maboga, na nyasi changa zilizokatwa kwa mkasi. Unga wa maganda ya mayai kidogo, mara tatu kwa wiki. Mloweshe kwenye maji vuguvugu yanayofika chini ya kidevu, dakika kumi na tano, mara kadhaa kwa wiki. Zamani ilidhaniwa vinundu vinavyoota juu ya gamba la kobe wa kufugwa vinaletwa na protini peke yake. Utafiti uliofanywa kwa kobe wa sulkata na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ukavu wa mahali anapokulia una mchango mkubwa kuliko protini. Kwa hiyo sehemu ya kulala ya kifaranga iwe na unyevu kidogo na joto. Unyevu pamoja na baridi utampa nimonia.

Kupunguza magugu laini na kuongeza nyasi kufanyike taratibu, kadiri gamba linavyokua. Likifika ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, nyasi ziwe zaidi ya nusu.

Cha kutazama

Angalia choo kabla ya kusifu chakula. Kizuri ni kigumu kiasi, cha kahawia au kijani kilichoiva, na ukikivunja kwa kijiti unaona nyuzi za nyasi. Kikiwa cha maji na chenye harufu ya kuchacha, rudisha mlo kwenye nyasi tupu na maji kwa siku kadhaa. Mkojo wake huwa na uji mweupe. Ukiwa laini ni sawa, ukiwa na chembechembe kama mchanga hanywi maji ya kutosha. Mpime kila mwezi kwa mizani ya dukani, andika. Kobe anaweza kupungua kwa miezi bila kuonekana kwa macho, kwa sababu gamba halikondi.

Bonyeza gamba la chini kwa kidole gumba. Kwa aliyekwisha kukua likibonyea, kalsiamu au jua vimepungua kwa muda mrefu, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, si ya maganda ya mayai.

Usimweke kwenye zizi. Kobe huyu hubeba kupe ambao baadhi yao wanaweza kueneza ugonjwa wa maji moyo kwa ng'ombe na mbuzi; Marekani ilipiga marufuku kumwingiza nchini humo mwaka 2000 kwa sababu hiyo. Majani yatoke kwenye mzigo wa ng'ombe, lakini kobe na ng'ombe wakae mbali. Kupe watoe mmoja mmoja kwa kibanio, shingoni na kwenye mikunjo ya miguu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake. Na zaidi ya yote, ivermektini, ile ambayo kila mfugaji anayo kabatini kwa minyoo ya ng'ombe, humuua kobe hata kwa kiasi kidogo. Kwa kuwa anaonekana kama mfugo, kuna mtu atakayekuja na sindano akitaka kukusaidia. Mwambie daktari kabla hajafungua begi lake kwamba mgonjwa wa leo ni kobe, na kwamba ivermektini haitumiki. Akihitaji dawa ya minyoo, fenbendazoli kwa kipimo cha uzito ndiyo inayotumika kwa kobe, na hapo ule uzito uliokuwa ukiuandika kila mwezi atauhitaji.